Cohen alipoliweka gitaa kando: je, kinanda huua maneno ya mtunzi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Niko Tanga, natunga na kuimba kwa gitaa. Nyimbo zangu sita zimeingia studio, na prodyuza amezijaza vinanda na biti mpaka mwenyewe sizitambui. Nilipolalamika akaniambia nikasikilize albamu ya Leonard Cohen ya mwaka 1988, I'm Your Man. Nimeisikiliza. Mimi nilikuwa namjua Cohen wa "Suzanne", wa gitaa moja na sauti laini ya kijana. Huyu wa 1988 ananguruma juu ya vinanda kama vya mpiga muziki wa harusini. Naomba unieleze: mzee alikuwa anafuata upepo wa miaka ya 80, au alijua anachofanya? Na je, sauti nzito ya kielektroniki haiui maneno ya mtunzi?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Prodyuza wako amekupa albamu nzuri, ila nadhani amekupa kwa sababu isiyo yake. Albamu hiyo haithibitishi kwamba kila mtunzi wa gitaa ajazwe vinanda. Ukiifuatilia ilikotoka utamkuta mtunzi ambaye alishajazwa vyombo na watu wengine mara mbili, mara zote mbili akaumia, halafu miaka ya 80 akakaa mwenyewe mbele ya kinanda na kuanza kujenga nyimbo zake upya kuanzia chini. Hizo mara mbili ndizo zenye jibu la swali lako la kwanza, kwa hiyo vumilia nizisimulie.

Cohen hakuingia kwenye muziki akiwa kijana wa kutafuta jina. Alizaliwa Montreal, Kanada, mwaka 1934. Albamu yake ya kwanza, Songs of Leonard Cohen, ilipotoka Desemba 1967 alikuwa na miaka 33, ameshachapisha vitabu vya mashairi na riwaya mbili. Aliyempeleka kampuni ya rekodi ya Columbia ni John Hammond, yule yule aliyemsaini Bob Dylan. Hammond hakuimaliza kazi, ikaangukia mikononi mwa prodyuza kijana, John Simon. Simon aliziona nyimbo zimekonda, akataka kuzinenepesha kwa nyuzi, waitikiaji na vyombo vya hapa na pale. Cohen alitaka zibaki mifupa. Wakabishana wee, mwishowe Simon akamwachia amalize miksi, yaani kuzichanganya na kuzipima sauti, mwenyewe.

Hapo Cohen akagonga ukuta. Siku hizo walirekodi kwenye tepu ya traki nne. Ukitaka vyombo zaidi ya vinne ulilazimika kuvibana viwili vitatu kwenye traki moja, na chombo kikishabanwa hivyo hakitoki bila kutoka na jirani yake. Ukitaka kuondoa violini, inaondoka na kitu unachokihitaji. Kwa hiyo baadhi ya mapambo aliyoyakataa yamo kwenye albamu ile hadi leo. Huyo Cohen wa gitaa moja unayemkumbuka, kwa kweli, hakuwa wa gitaa moja. Rudia "So Long, Marianne" kwa makini utasikia besi, ngoma na wanawake wakiitikia kwa nguvu. Hata "Suzanne" ina nyuzi na waitikiaji kwa nyuma. Tunamkumbuka na gitaa moja kwa sababu maneno yalishinda.

Mara ya pili hayakushinda. Mwaka 1977 alifanya kazi na Phil Spector, bingwa wa kile kilichoitwa ukuta wa sauti. Spector alikuwa akijaza chumba kimoja wapigaji wengi, vyombo vya aina moja viwili vitatu vikipiga kitu kile kile kwa pamoja, sauti yote ikapitishwa kwenye chumba cha mwangwi mpaka usitofautishe piano na gitaa. Kwa wasichana wa miaka ya 60 walioimba mapenzi kwa koo pana, jambo hilo lilifanya maajabu. Kwa Cohen, mtu anayesema maneno yake polepole karibu na sikio lako, ilikuwa balaa. Spector alizichukua tepu, akafanya miksi bila yeye, na sauti za Cohen zilizotumika zilikuwa zile za kuongozea tu, ambazo alitarajia kuzirudia vizuri baadaye. Albamu ikaitwa Death of a Ladies' Man. Cohen hakuficha kwamba haikumridhisha. Isikilize siku ukiwa na subira: unamsikia mtu anaongea kutoka chumba cha pili huku sherehe inaendelea.

Basi mtu aliyepitia hayo, 1988, anapokubali vinanda na mashine ya ngoma, usiseme haraka kwamba amefuata upepo. Alikuwa anajua gharama ya sauti nono kuliko prodyuza wako na mimi tukijumlishwa.

Watu wakizungumzia mtunzi wa gitaa kugeukia umeme hukimbilia tamasha la Newport, Marekani, Julai 1965, pale Dylan alipopanda jukwaani na bendi ya umeme na baadhi ya watazamaji wakamzomea. Kisa kitamu, lakini hapa kinapotosha. Dylan alikuwa anaongeza kelele na kasi. Alichofanya Cohen, ukisikiliza vizuri, kinakaribia kuwa kinyume chake.

Twende kwenye kinanda chenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 80 Cohen alinunua Casio kidogo, vile vinanda vyenye midundo iliyowekwa tayari: unabonyeza kitufe, kinakupigia waltz au rumba, unaweka kidole kimoja upande wa kushoto kinakupa kodi nzima, yaani noti kadhaa zikilia pamoja. Wanamuziki wakubwa walikicheka. Kwake kilifungua mlango. Gitaa lake lilikuwa na mipaka yake. Mwaka 2011, akipokea tuzo Oviedo, Hispania, alisimulia kwamba alipokuwa kijana alifundishwa na Mhispania mmoja mfuatano wa kodi sita, na kwamba kodi hizo ndizo msingi wa nyimbo zake zote. Mkono wake wa kulia ulikuwa na staili moja ya kukwaruza nyuzi kwa kasi, nzuri sana, lakini moja. Casio ikampa midundo ambayo mkono wake usingeweza kuipiga. Kutokana na mdundo wa kinanda hicho akapata "Dance Me to the End of Love", wimbo unaofungua albamu ya Various Positions ya mwishoni mwa 1984. Ndani ya albamu hiyo hiyo kuna "Hallelujah", ambayo leo inaimbwa hadi kwenye misiba na harusi za watu wasiojua aliyeitunga. Columbia ya Marekani ilikataa kuitoa. Cohen alipenda kusimulia jinsi bosi wao, Walter Yetnikoff, alivyomwambia kwamba wanajua yeye ni mkubwa, ila hawajui kama ana ubora wowote. Huko kwao ikatolewa na kampuni ndogo.

Kwa hiyo wakati anaanza kuikusanya I'm Your Man, kampuni yake ya Marekani ilikuwa imeshamweka kwenye kabati la wazee. Aliyemtoa humo ni mwanamke, Jennifer Warnes, aliyewahi kuzunguka naye kama mwitikiaji. Mwaka 1987 Warnes alitoa albamu nzima ya nyimbo za Cohen, Famous Blue Raincoat, na ikauza. Ndani yake kulikuwa na nyimbo mbili ambazo Cohen mwenyewe alikuwa hajazitoa bado: "First We Take Manhattan" na "Ain't No Cure for Love". Dunia ikasikia kwamba nyimbo za mzee huyu zinaweza kuvaa nguo za kisasa bila kupoteza heshima.

Sasa albamu yenyewe. Ilitoka Februari 1988, nyimbo 8, dakika kama 40, imerekodiwa vipande vipande Los Angeles, Montreal na Paris. Jalada lake peke yake lingetosha kukuambia mtu huyu hajivungi: Cohen amevaa suti na miwani myeusi, mtanashati kabisa, mkononi ana ndizi iliyoliwa nusu. Picha hiyo ilipigwa kwenye eneo la kurekodia video ya Warnes, wala hakuwa anajipanga kupigwa.

Wewe umesema vinanda vyake ni kama vya harusini. Sikukatalii. Lakini hebu fanya kitu kimoja nilichozoea kuwafanyisha vijana wanaokuja studio. Weka "First We Take Manhattan", funga macho, na kila chombo kinapoingia jiulize kimekaa wapi: chini, katikati au juu? Chini kuna besi ya mashine, inapiga bila kuchoka, kavu. Juu kuna sauti nyembamba za kioo na nyuzi bandia, halafu wanawake. Katikati? Karibu hakuna kitu. Katikati amekaa yeye.

Na hii ndiyo hoja yangu yote kuhusu albamu ile. Sauti ya Cohen ilikuwa imeshuka. Ya 1967 ilikuwa ya kijana, nyembamba kiasi, inakaa juu ya gitaa bila taabu. Miaka ya sigara na pombe, kwa maelezo yake mwenyewe, ikaiteremsha mpaka ikawa mngurumo. Sauti nzito ya kiume huanzia karibu hezi (mitetemo kwa sekunde) 80 hadi 150. Waya mnene wa gitaa ukipigwa wazi ni hezi 82. Unaona tatizo? Lile gitaa la nailoni lililombeba akiwa kijana, sasa lingekuwa linagombania kiti na koo lake. Vitu viwili vya kahawia mahali pamoja, vyote viwili vinakuwa matope. Vinanda vikamwezesha kupasua nafasi: besi ikashuka chini ya koo, mapambo yakapanda juu yake, sauti za wanawake zikapanda juu zaidi, na pale katikati pakabaki uwanja mtupu wa mtu mmoja kusema maneno yake. Ndiyo maana nasema ni kinyume cha Spector. Spector alijaza katikati. Sauti ya 1988 ni nono pembeni na imekonda kiini.

Jambo la pili ni wakati. Ukipiga gitaa mwenyewe huku unaimba, mkono hufuata pumzi. Ukichelewa, mkono nao unachelewa, msikilizaji hajui. Mashine haikusubiri. Cohen akaitumia tabia hiyo: mdundo unakwenda mbele kama saa, yeye anaburuza maneno nyuma yake kidogo, anafika mwisho wa mstari akiwa amechelewa kwa kiasi anachotaka. Kuchelewa huko ndiko kunakofanya mstari uonekane umetoka kwa mtu aliyeishi. Sikiliza "Everybody Knows", aliyoitunga pamoja na Sharon Robinson. Besi inasukuma, yeye anaorodhesha maovu ya dunia kwa sauti ya karani anayesoma leja, hapandishi, hashushi. Ingekuwa gitaa, angeshawishika kulia. Mashine ilimzuia kulia, na wimbo ukawa wa kutisha zaidi.

Na kwa kuwa wewe ni mtu wa Tanga, nikuibie siri: ndani ya "Everybody Knows" kuna udi. Ndiyo, udi huu huu unaoujua kwenye taarab, umepigwa na John Bilezikjian, ambaye Cohen alishamtumia kwenye Recent Songs ya 1979. Unaingia katikati ya vinanda kwa muda mfupi tu, na kwa kuwa kila kitu kingine ni bandia, ule uhai wa kidole kwenye waya unakushika shati. Vivyo hivyo violini ya Raffi Hakopian kwenye "Take This Waltz". Usidhani albamu ile ni mashine tupu. Chombo cha mkono kimewekwa pachache ili kisikike.

"Take This Waltz" inastahili kusikilizwa peke yake. Maneno yake ni shairi la Federico García Lorca, mshairi wa Hispania, ambalo Cohen alilitafsiri mwenyewe. Alisema lilimla saa 150 hivi. Alimpenda Lorca kiasi cha kumpa bintiye jina hilo. Hapo vinanda vinaiga okestra ya Vienna kwa makusudi, na uigaji wenyewe unafaa, maana shairi lenyewe linaongelea fahari inayooza.

Kisha "Tower of Song", wimbo wa mwisho, ambao mimi ningemwachia kila mtunzi mchanga wa gitaa. Mdundo wa kinanda wa bei ya chini, besi ya kitoto, wanawake wanaitikia silabi zisizo na maana, na mzee anatania juu ya koo lake kwamba alizaliwa na kipaji cha sauti ya dhahabu. Katikati kuna solo ya kinanda ambayo mtoto wa darasa la tatu angeipiga. Kidole kimoja! Miaka 20 baadaye, kwenye ziara iliyoanza 2008, alikuwa akiipiga solo hiyo jukwaani kwa kidole kile kile, ukumbi mzima unashangilia, naye anawashukuru kwa unyenyekevu wa kejeli. Mtu anayefuata upepo angekodi mpiga kinanda hodari.

Si kwamba kila kitu kimesimama. "Jazz Police" ni wimbo ambao mpaka leo huwa nauruka. Hapo mashine imekuwa mzaha wa mashine, kila sekunde kuna kinachoruka na kulia, na maneno yanakimbizwa. "Ain't No Cure for Love" nayo ina ule mng'aro wa redio za Marekani za wakati wake, wa kupendeza siku hiyo na kuzeeka kesho yake. Toleo la Warnes naliona bora. Nakuambia haya ili usimchukue Cohen kama msahafu. Kwenye albamu moja, mtu mmoja, mashine zile zile, nyimbo sita zimesimama na mbili zimeyumba, na tofauti ni kama maneno yaliachiwa nafasi au la.

Kuna kisa kingine kimoja cha albamu hii ninachokipenda kuliko hicho cha ndizi. "I Can't Forget" ilianza ikiwa wimbo mwingine kabisa, kuhusu wana wa Israeli kutoka Misri. Alipofika kuuimba, maneno hayakutoka kooni. Alihisi anasema asichokijua. Akayatupa, akakaa mezani na kuandika upya kutoka kwenye kile alichokuwa na uhakika nacho: mtu ameamka, anajikongoja kutoka kitandani. Ndiyo sababu naona ajabu mtu akisema vinanda vilimfanya mvivu.

Sasa tukugeukie wewe na nyimbo zako sita.

Hofu yako ya pili, kwamba umeme huua maneno, huku kwetu ilishajadiliwa hadi watu wakanuniana. Miaka ya 1990, vikundi vya taarab ya kisasa kama East African Melody vilipoleta kinanda mbele na kuacha fidla, ganuni na akodiani za vikundi kama Culture na Akhwan Safaa, wazee wengi walisema ushairi umekufa, kimebaki kiuno. Wengine wakasema kinyume, kwamba mipasho ilisikika vizuri zaidi, kila neno likampata mlengwa. Wote walikuwa na haki kwa nyimbo tofauti. Mimi nimesikia mipasho ambayo kinanda kilikaa kimya kwenye ubeti na kurudi kwenye kiitikio, neno likachoma kama lilivyokusudiwa. Nimesikia pia ya kinanda kisichofunga mdomo.

Swali la kujiuliza kwa kila wimbo wako ni hili: kinanda kilikuwepo wimbo ulipotungwa, au kimekuja baada? Cohen alitunga juu ya mdundo. Besi na maneno vilikulia nyumba moja. Wewe umetunga kwa gitaa, ukapumua kwa gitaa, halafu mtu akaja kumwaga vinanda juu ya wimbo uliokwisha. Hapo mambo mawili hutokea. Kwanza katikati panajaa, maana gitaa lako lipo, pedi za kinanda (zile sauti ndefu za kujaza nyuma) zipo, na sauti yako ipo, zote zinasukumana kati ya hezi 200 na 2,000. Pili, konsonanti zako zinafunikwa. Herufi kama s, sh, t, k na ch zinasikika kuanzia hezi 2,000 kwenda juu, na huko ndiko haihati (matoazi ya ngoma) na shekere za prodyuza zinakokaa. Msikilizaji anasikia irabu zinaelea, hajui umesema "kata" au "pata".

Halafu kuna jambo la Kiswahili lenyewe, ambalo prodyuza anayekopi biti za nje hulisahau. Mkazo wetu huangukia silabi ya pili kutoka mwisho: ni-na-ku-PE-nda. Gitaa lako linajua hilo bila kufundishwa, kwa sababu mkono wako ni wa Mswahili. Mashine haijui. Sneya, ile ngoma kali ya biti, ikigonga kwenye "nda", neno linasikika kama la mgeni aliyefika jana, hata kama mwimbaji ni wa Pangani. Chukua mistari minne ya kwanza ya kila wimbo wako, iseme kwa sauti bila kuimba huku biti inacheza, uone mapigo mazito yanaangukia wapi. Ukiona yanapingana na mkazo zaidi ya mara moja kwa mstari, usilaumu sauti yako. Biti ndiyo isogezwe, au kasi ipunguzwe, au mstari uanze nusu pigo baadaye. Ni kazi ya dakika chache kwenye kompyuta.

Na hapa una bahati ambayo Cohen wa 1967 hakuwa nayo. Prodyuza wako hatumii tepu ya traki nne. Kila kitu alichokiweka kimekaa kwenye traki yake. Kabla hajafunga miksi, kaa naye, kwa adabu lakini usikubali kuharakishwa, umwombe azime kila kitu isipokuwa sauti yako na besi. Sikilizeni wimbo mzima hivyo. Ukisimama wenyewe, mrudishe mdundo. Kisha kimoja kimoja, na kila kinachorudi kiseme kimekuja kufanya nini: kushika chini, kujibu mstari, kuingiza kiitikio. Kisichojibu kibaki nje. Gitaa lako nalo lijibu swali hilo hilo, usilipendelee kwa kuwa ni lako. Huenda kwenye nyimbo mbili tatu likaonekana linazuia njia, na ukilitoa wimbo ukapumua.

Nyimbo zikikataa kabisa vinanda, zirekodi kwa gitaa na sauti, zitoke hivyo. Albamu inaruhusiwa kuwa na sura mbili. Na kama prodyuza ana moyo wa kweli wa kukuona ukienda kwenye umeme, mwombe akupe midundo mitupu mitatu minne, bila kodi, bila melodi, uende nayo nyumbani kwenye simu. Liache gitaa ukutani kwa muda, utunge juu ya hiyo midundo kuanzia neno la kwanza. Hata Cohen hakuishia pale 1988. Ten New Songs ya 2001 aliifanya na Sharon Robinson kwenye studio ya nyumbani huko Los Angeles. Robinson alitengeneza muziki kwa mashine, ikatarajiwa wapigaji waje kubadilisha zile sauti bandia baadaye, lakini Cohen akapenda zibaki vile vile. Isikilize baada ya I'm Your Man. Imetulia kuliko hiyo, na utaona mtu akiimba karibu na maikrofoni kana kwamba hataki jirani asikie.

Ukishafanya jaribio la kuzima na kuwasha, nitumie miksi mbili za kila wimbo, ya sasa na iliyopunguzwa, pamoja na maneno yaliyoandikwa. Maneno nitayasoma baada ya kusikiliza, na nitasikiliza kwa spika ya simu kwanza, maana huko ndiko wengi watakakokusikia.